Nukta Mbili Chini ya Shingo

Kakuru alipiga mara ya tatu, na kichwa cha fimbo ya gofu hakikurudi naye. Mikono yake ilimaliza mzunguko ikiwa imeshika mpini mtupu, akabaki anautazama kama mtu aliyeng'oa mti kwa bahati mbaya. Mimi nilisikia kabla ya kuona: mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa cha kuwashia moto. Halafu nikamwona mume wangu Bahati, amesimama kwenye majivu hatua sita mbele ya Kakuru, anapeleka mkono kwenye koo kama aliyeumwa na mbu. Hakuanguka. Alikaa chini taratibu, akakunja miguu kama anayengoja chakula, akanitazama. Midomo ilifanya neno lakini sauti haikuwa tena na fasi ya kupitia. Mzee Byamungu, bwana wa karakana yetu, aliacha koleo lenye chuma chekundu likaanguka kwenye nyasi, nyasi zikaanza kuungua, na hakuna aliyezizima. Tulimpakia Bahati kwenye pikapu ya mtu wa ndizi. Kabla hatujafika zahanati ya Rwekubo mkono wake ulikuwa umeacha kunibana, na dereva, kijana wa watu, aliendelea kuendesha mbio kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumwambia apunguze. Jioni ile nilirudi kwenye nyasi nikakiokota kile kichwa. Kilikuwa kimekatika juu kidogo ya alama. Nukta mbili, chini ya shingo. Alama ya Bahati mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Sasa ni 2015, nami nimekuwa mwanamke ambaye watu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, wanamwita mama hata wakiwa na ndevu nyeupe. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma asinitafutie makosa ya herufi, anitafutie makosa ya maneno kama yapo. Miaka kumi na sita nimekaa kimya, si kwa kusamehe, ni kwa kukosa kipande kimoja. Mwezi uliopita kipande hicho kililetwa mlangoni kwangu, kimefungwa kwenye gunia la simenti, na mzee anayekohoa aitwaye Abdala. Nitamfikia. Lakini ukianza na Abdala utafikiri hii ni habari ya mtu aliyetubu. Hii ni habari ya Ezra Tumwine, mwenye duka la vyuma pale Mbarara, ambaye hajatubu.

Karakana ya Mzee Byamungu ilikuwa paa la mabati matano juu ya miti minne, haina ukuta, ina mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na fuawe ya kufulia chuma ilikuwa kipande cha reli. Mzee alikuwa ametoka nayo milimani juu ya Uvira, si reli, nasema ile kazi. Reli tuliipata huku. Alikuja na nyundo moja tu, amebebwa na miguu yake, na alipenda kusema kwamba wengine walikimbia na godoro. Alikuwa anafua majembe, mapanga, visu vya kukatia ndizi. Na alikuwa na sheria moja ya baba zake. Chombo hakitoki karakana mpaka mnunuzi akijaribu mara tatu kwa nguvu zake zote, na mara hizo tatu yule aliyekifua anasimama mbele, hatua sita, juu ya majivu yaliyotolewa kwenye moto uleule. Kichwa cha jembe kikichomoka kinaenda mbele, na mbele ndiyo fasi ya fundi. Wanyankole, wenyeji wa huku, waliokuja kununua walicheka kwanza. Mara ya pili hawakucheka, walianza kuwaambia wenzao. Mzee akisimama kwenye majivu, mikono nyuma, tumbo nje, alikuwa anasema: "Piga, mutoto wangu. Kama ni muongo, chuma kitanisema."

Mchana tulikula palepale. Bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga asubuhi, na samaki wadogo wa ziwani kama wamepatikana. Mzee hakukubali mtu ale na uso mweusi wa makaa, kwa hiyo kulikuwa na karai la maji, na wanaume walikuwa wanapigana kuwa wa kwanza kwa sababu wa mwisho alinawa matope. Bahati kila siku alikuwa wa mwisho. Alikuwa anamaliza kitu. Nilikuwa nambakizia mkia wa samaki, ndio alioupenda, na Mzee alikuwa ananitania: "Mapendo, huyu utamufundisha kula makaa." Sikuwa mtu wa kupika tu. Mimi ndiye niliyekuwa napiga tupa, nikisugua vyuma vilivyotoka motoni. Milimani mwanamke hakaribii moto wa mhunzi, lakini Mzee alisema kambi si mlima, na mikono ilikuwa michache. Tupa ikakaa mkononi mwangu kama imezaliwa hapo. Nikajua vyuma kwa kidole na kwa sikio. Chuma kilichofuliwa sawasawa kinapokea tupa, unasikia kinakwenda nawe, na unga wake unaanguka laini kwenye paja. Jambo hilo nalijua kuliko ninavyojua kuandika jina langu.

Mambo ya gofu yaliletwa na Kakuru. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa Mbarara wanaobeba mifuko ya wacheza gofu, wanaitwa makedi, naye alikuwa na fimbo moja ya chuma ya kwake, kuukuu, aliyopewa na mzungu fulani, ikavunjika shingo. Fundi wa mjini alimwambia hakuna dawa. Mnunuzi mmoja wa majembe yetu akamwambia kuna Wakongo kule Nakivale wanasimama mbele ya vyuma vyao. Akaja. Nakumbuka alivyoitoa kwenye gazeti, akisema Kiswahili cha huku, ambacho "na" yake ni ya kila mtu, na Mzee alivyoigeuza.

"Mzee, hii kitu imekatika. Wewe naweza tengeneza?"

"Hii ni jembe ya nani? Haina makali."

"Si jembe. Iko ya kucheza. Wakubwa napiga kampira kadogo, kanaenda mbali, halafu nakafuata."

"Banakafuata na miguu?"

"Na miguu."

"Sasa kama banakataka, juu ya nini banakapiga?"

Karakana yote ilicheka, na Bahati akacheka mpaka akakaa. Lakini baadaye, wakati wengine wamelala kivulini, nilimwona ameichukua ile iliyovunjika, anapima unene wake kwa kucha, ananusa pale ilipokatika. Akaniambia: "Mapendo, angalia. Aliyefanya hii alikuwa mutu. Alipiga kidogo-kidogo. Nyama ya chuma imelala upande moja, kama nywele zenye zimechanwa." Kesho yake akaanza kufua cha kwake. Hakutumia springi ya lori, kwa sababu springi ni kali, inafaa panga. Alitafuta chuma kipole, vipande vya trela iliyooza nyuma ya stoo ya chakula. Mioto minane kwa kichwa kimoja. Anakivuta kirefu, anakikunja shingo, anaitoboa ingali nyekundu, anakiweka tena motoni, anakipiga uso mpaka ukae. Vya kwanza vitatu alivirudisha motoni. Cha nne kilikuwa namba saba, kwa sababu fimbo hizo zina namba kwa jinsi uso ulivyolala, na ile namba saba, nasema hivi nikiwa na akili zangu, ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona vikitoka kwenye mikono ya mtu. Mzee aliigonga kwa ukucha akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Alikuwa na alama ya nukta tatu. Siku hiyo akampa Bahati msumari wa kugongea, akamwambia agonge nukta mbili, ziwe zake. Bahati akasimama kwenye majivu na Kakuru akapiga kipande cha tairi mara tatu, na udongo uliruka, na kichwa hakikutikisika.

Uzuri wa chuma cha kufua ni kwamba kinakubali kurekebishwa. Kakuru alikuwa mrefu, kedi mwingine alikuwa mfupi. Bahati alikuwa anabana kichwa kwenye jiliwa, lile dubwana lenye taya mbili linalokaa mezani, anashika mpini, anapinda shingo kidogo kwa mtu mrefu, kidogo kwa mtu mfupi, kikiwa baridi kabisa, na shingo inamsikiliza. Hiyo ndiyo iliyofanya makedi waje. Duka la Kampala haliwezi kukupindia fimbo ya urefu wako. Miezi ya kwanza ya mwaka ule tulifua vichwa viwili kwa siku, siku nyingine kimoja, na nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu anayefikiri ameshafika.

Ezra Tumwine alikuja na gari lake mwezi wa nne. Mtu nadhifu, shati jeupe, Biblia ndogo mfukoni, sauti ya chini. Alisimama pembeni nusu siku akitazama, halafu akamwambia Mzee: "Nyinyi watu nafanya kazi ya Mungu, lakini nafanya polepole. Viwili kwa siku! Makedi wa Mbarara nataka, wa Kampala nataka, hata wakubwa wenyewe nataka. Mimi nitauza. Nyinyi nileteeni vichwa kama vilivyo, mimi nitavisugua kule, nitaweka mipini kule, kazi itakimbia." Akanitazama. "Na huyu nnyabo, huyu mama mwenye mkono wa tupa, nampa chumba nyuma ya duka. Sakafu ya simenti. Mwisho wa mwaka bwana yake pia nakuja, nakaa pamoja."

Niseme ukweli kuhusu hiyo sakafu. Kwetu ilikuwa udongo na turubai, na mvua ikinyesha maji yalipita chini ya kitanda yakitafuta njia yao. Nilipoingia kile chumba cha Mbarara mara ya kwanza nilivua viatu, nikasimama tu, nyayo kwenye simenti baridi. Niliitaka. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka nguo. Kila wiki nilikaa kule siku tatu nikisugua nyuso na kuchora ile mistari midogo ya kushikia mpira, halafu narudi Nakivale. Kabla hajaondoka Nakivale siku ile ya kwanza, Ezra aliomba kitu kingine. Aliomba aazime ile namba saba ya kwanza, ambayo Bahati hakuwa ameiuza, awaonyeshe wateja. Bahati hakutaka. Mzee alisema, "Mupe, itarudi." Itarudi. Mzee alikuwa mtu mzuri na amekufa, lakini neno hilo ni lake na ninaliandika kwa jina lake.

Jirani zangu wa kule nyuma ya duka walikuwa Abdala na mke wake Zuhura. Walikuwa wametokea ng'ambo ya mpaka wa Kikagate, upande wa Tanzania, Waislamu wa sala tano. Abdala alikuwa akiyeyusha vyuma kwenye tanuri la Ezra kule Biharwe, nje ya mji, na kuvimwaga kwenye kalibu vitoke vifuniko vya mitaro, majiko, mashine za kusagia. Zuhura alinilisha. Nilikuwa namrudishia sombe kwenye bakuli lake, na yeye alikuwa ananicheka: "Dada Mapendo, haya majani mnayapiga kwa kosa gani?" Mwezi wa Ramadhani ulipoingia alinipelekea uji wa pilipili manga na maandazi kila jua likizama, ingawa nilimwambia mimi ni mtu wa kanisa. Alisema njaa haiulizi. Tulikuwa tunakula mkekani, mlango wazi, Abdala kimya kama kawaida yake, mikono ina makovu ya matone ya chuma kama mtu aliyeugua ndui. Nilimpenda yule mzee. Ninaliandika hilo pia.

Ni katika miezi ile tupa ilianza kunikataa. Nilichukua kichwa kwenye rundo, namba saba, nukta mbili, nikaweka tupa, na tupa ikateleza ikapiga kelele. Nikabadilisha upande. Ikateleza. Unga uliotoka ulikuwa mweusi, wa chengachenga, kama makombo ya mkate ulioungua, si ule unga laini. Nikachukua kingine, kile kikapokea vizuri. Cha tatu kikakataa. Nikaona tena kwamba namba saba zimekuwa nyingi, zinazidi namba zote, wakati Bahati hakuwahi kufua namba saba mbili zinazofuatana. Nikampelekea Ezra kimoja.

"Boss, hiki kichwa tupa haikipendi."

"Tupa yako imeisha, nnyabo."

"Iko mpya. Na kile kingine inakila."

Alitabasamu, akakipokea kwa kitambaa asichafue shati. "Sikia. Hii iko ngumu sababu nimeiweka kwenye mafuta ya moto, kama wazungu nafanya. Wateja nataka ngumu. Wewe sugua. Chumba iko sawa? Mvua haiingii?"

"Haiingii, boss."

Hilo ndilo jibu nililotoa. Siku chache baadaye, jioni, nikiwa naosha vyombo, nilisikia sauti kwenye stoo upande wa pili wa ukuta wa ubao. Ilikuwa ya Ezra na ya Abdala. Abdala, mtu asiyesema, alikuwa anasema. Sikushika yote. Nilisikia "mchanga unachukua kila kitu, hata alama", nikasikia "shingo", na Abdala akarudia jambo mara mbili kama anayemfundisha mtoto, halafu Ezra akajibu kwa ile sauti yake ya kanisani: "Usijali, Abdala. Nitawaambia mimi mwenyewe." Nikasuuza sufuria. Nilifikiri ni mambo ya vifuniko vya mitaro. Miaka kumi na sita nimekuwa nikiamka na ile sentensi. Nitawaambia mimi mwenyewe. Atawaambia nini? Atawaambia akina nani?

Niliporudi Nakivale nilimwambia Bahati. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, anachezea vidole vyangu vilivyochubuka. "Zingine za zile namba saba zako zinakataa tupa," nikasema. Akacheka. "Batu banazeeka, Mapendo, na tupa pia zinazeeka." Nikasema si tupa. Akaniuliza: "Ziko na nukta zangu?" Nikasema ziko nazo. "Basi ni zangu. Mimi siwezi kukimbia mutoto mwenye kufanana na mimi." Alikuwa anajivuna kidogo, na kwa nini asijivune, jina lake lilikuwa linatembea Mbarara. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kusema zimezidi, Bahati, hesabu. Lakini ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na mwisho wa mwaka tungehamia kwenye simenti, na nilinyamaza. Wakosaji wa habari hii nitawataja wote, nami nimo.

Siku yenyewe, mwezi wa kumi na mbili, ilikuwa ya kawaida. Kakuru alikuja na fimbo mpya aliyoinunua kwa Ezra, tayari ina mpini, imepakwa rangi nyeusi ya moshi na mafuta kama tulivyokuwa tunapaka sisi. Alitaka apindiwe shingo, ni mrefu. Kwa kuwa ilikuwa na mpini na gundi, haikuwezekana kuigonga ikalia, mlio unafia kwenye mpini. Bahati aliigeuza, akatafuta nukta zake, akazikuta, akanikonyeza. Akaibana kwenye jiliwa akapinda. Kidogo tu, kama kawaida yake. Nilikuwa karibu, napepeta maharagwe, nikasikia tii, mlio kama wa harage linapopasuka kwenye sufuria. Bahati naye alisikia, akaitazama jiliwa. "Meno ya hii kitu yameanza kulegea," akasema. Akapitisha kidole shingoni. Rangi ilikuwa nzima. Mzee akaita kutoka kwenye moto: "Jaribuni basi, bugali unapoa." Bahati akachota majivu kwa sepetu, akayamwaga, akahesabu hatua sita, akasimama. Mtu mwingine yeyote duniani angekaa nyuma ya yule anayepiga. Ni sisi tu tunaosimama mbele, na tunasimama mbele kwa sababu ya alama. Mengine nimeshayasema mwanzoni, sitayarudia.

Ezra alikuja mazishini. Alileta mchele na sanda. Aliomba dua ndefu, halafu akawaambia polisi, nami nimesimama pale, kwamba fundi alipinda chuma vibaya, na kwamba hawa watu wana mila ya kusimama mbele ya vyuma, yeye angefanya nini. Afande aliandika, akanipa pole: "Mama, hiyo ni ajali. Bwana yako najiweka mwenyewe." Mzee Byamungu alinisogelea. Alichukua kile kichwa mkononi mwangu, akakitazama pale kilipokatika, na mimi nikatazama naye: hakikuwa na nywele zilizochanwa. Kilikuwa chenga tupu, kijivu, kama sukari guru iliyovunjwa. Mzee alijua palepale kwamba si cha kufua. Lakini nani angemsikiliza mkimbizi mzee anayesema habari za nywele za chuma? Alizima moto wiki ile. Hakugonga nukta tena mpaka alipokufa, na niliposhika mkono wake mara ya mwisho alisema jambo moja tu, "Nilisema itarudi." Nami sakafu ya simenti sikuikanyaga tena. Zuhura alinitumia nguo zangu kwa mtu wa mabasi, zimefuliwa na kukunjwa.

Mwezi uliopita basi nikasikia mtu anakohoa nje. Nikamjua kwa makovu ya mikono kabla ya uso. Zuhura amefariki, ndilo neno la kwanza alilosema, na tukamlilia kwanza Zuhura, kwa sababu alistahili kilio chake peke yake. Nilimpikia. Alikula kidogo, mkate na chai, akasema mapafu yamekwisha. Halafu akafungua gunia.

Ilikuwa namba saba. Ile ya kweli, ya trela iliyooza, mioto minane, ambayo Mzee alisema itarudi. Mchanga ulikuwa bado umo kwenye mistari yake.

"Hii ndiyo aliyonipa Ezra nitengenezee kalibu," Abdala akasema. "Ninaikandamiza kwenye mchanga, ninaitoa, ninamwaga chuma cha injini zilizovunjwa. Nukta zilijitokeza zenyewe, dada. Hakuna aliyezigonga. Nilimwambia nizifute, akakataa, akasema hizo ndizo zinazouza."

"Ulijua mtu atakufa?"

"Nilijua chuma cha kumwaga hakipindwi kikiwa baridi. Kinapasuka ndani na juu huoni. Nilimwambia Ezra mara mbili, wewe ulikuwa ng'ambo ya ubao, vyombo nilivisikia. Nikasema, hizi zisipindwe shingo kamwe. Waambie Wakongo wasipinde. Akasema..."

"Akasema atatuambia mwenyewe."

Abdala aliinamisha kichwa. Akasema alipaswa kuja mwenyewe Nakivale, kwa mguu kama ni lazima, lakini aliogopa kufukuzwa kazi, na baada ya mazishi aliogopa jela. Akasema ninaweza kumfanya ninavyotaka. Nilimpa chai nyingine. Sijui kama nimemsamehe. Alipoondoka nilitoa tupa yangu ya zamani, nikakaa mlangoni na vyuma viwili pajani, kile kilichomuua na kile alichokifua. Nikaweka tupa kwenye cha Bahati. Ikaingia. Unga ukaanguka kwenye kitenge changu, laini, unang'aa, nami nikaacha baada ya mkwaruzo mmoja kwa sababu sikutaka kumpunguza zaidi.

Kwa hiyo sasa ninakuandikia wewe, Ezra Tumwine, unayekaa mbele kanisani na una duka la ghorofa. Sitaki mchele. Abdala anasema mlimwaga vichwa vingi, na nukta za mume wangu ziko chini ya shingo zake zote, mikononi mwa watu nisiowajua, na siku yoyote mtu mrefu ataomba apindiwe. Utaniambia ulimuuzia nani, jina kwa jina, na utakwenda kuzikusanya kwa mikono yako ya kitambaa. Halafu utakuja Nakivale. Karakana haina moto lakini mimi nina jiko, na majivu ninayo. Nitayamwaga palepale, nitahesabu hatua sita, nawe utasimama. Usiogope, sitashika fimbo yoyote. Nitakaa chini mbele yako kama alivyokaa yeye, na wewe, ukiwa umesimama fasi ya fundi, utasema ile sentensi uliyotumwa kutuletea mwaka wa 1999. Ina maneno machache. Hizi zisipindwe shingo. Useme kwa sauti, nisikie. Nimengoja kuisikia kutoka kwenye mdomo wako, nami bado niko hapa.